Joistiki Iliyoonjwa Dirishani

Ihembe,
14 Juni 1997

Ndugu Gharib,

Salamu kwako na kwa mkeo Mwanahalima. Uliniomba niipime joistiki yako kwa wiki moja kabla hujauza zile arobaini ulizoletewa kutoka Kampala kwa bei ya chini. Nimeipima. Jibu langu ni fupi: usiuze hata moja.

Najua utasema Polikarpi ana hasira za kuzaliwa, kwa hiyo nakupa ushahidi. Jumamosi ya gulio nilikaa dirishani kwako mbele ya watu, nikaendesha kwa kijiti hicho ile ndege ya mchezo wa kompyuta saa nzima, nikaitua salama. Jumatatu nikaingia chumba cha nyuma. Nikaiachia joistiki isimame yenyewe katikati, mkono wangu uko mapajani. Ndege ikaenda kushoto. Nikaisawazisha kwa kufuata maelekezo ya kompyuta mara saba, na mara zote saba ikarudi kushoto kama ng'ombe anayejua zizi lake. Jumatano kitufe cha kufyatulia risasi kilinasa kikaendelea kufyatua peke yake mpaka nikakichokoa kwa bisibisi. Vile vikombe vya mpira vya kunata mezani havinati; lazima mkono mmoja ushike kitako na mwingine uendeshe. Jana nikaifungua. Springi ni nyembamba kama ya kalamu. Kaboni ya kupitishia umeme imekwanguka ndani ya siku sita. Nyaya zimelehemiwa kama vile fundi alikuwa anatema mate akipita.

Urahisi si kosa, Gharib. Jembe la mhunzi wa hapa ni la bei rahisi na linalima miaka kumi. Kosa ni kitu kuvaa sura ya uzima wakati kimekwishakufa kiwandani. Nani aliamua kwamba takataka za dunia zina haki ya kupanda lori mpaka Karagwe? Tulipokea nguo kuukuu, tukapokea dawa zilizokwisha muda, sasa tunapokea na mchezo uliovunjika! Na anayetufungulia mlango ni mwenzetu.

Zirudishe Kampala. Barua hii ndiyo ripoti yangu.

Polikarpi Rwegoshora

*

Omurushaka,
23 Juni 1997

Mzee wangu Polikarpi,

Shikamoo. Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila Mwanahalima analalamika baridi ya huku, anasema Pangani hatukuzoea kuvaa sweta mwezi wa sita.

Ripoti nimeipata. Una kalamu kali, mzee. Nilimsomea Mwanahalima ile ya fundi anayetema mate, akacheka mpaka akaacha chungu kikaungua.

Lakini ripoti imechelewa kidogo. Kumi na moja zilikwisha toka. Sikuzinadi, Mungu ni shahidi wangu. Jumamosi ile ile, ulipoinuka kwenye kiti na kwenda zako, watu waliingia dukani kama wameitwa. Wengi ni wale walionunua kompyuta za lile shirika lililofunga ofisi wakimbizi waliporudi makwao. Hakuna aliyeuliza dhamana, hakuna aliyetaka kujaribu. Nikamwambia mmoja, "Kaa ujaribu kwanza." Akaniangalia kama nimemtukana, akasema, "Ya nini tena?" Kwetu pwani mtu ananunua kiberiti na anawasha njiti tatu kabla hajalipa! Nyinyi watu wa huku mna imani ya ajabu.

Jina lako sikulitaja popote. Nimekutumia kilo tano za mchele kwa mkono wa kondakta. Si ujira, ni ahsante.

Mwanao,
Gharib Ramadhani

*

Ihembe,
2 Julai 1997

Gharib,

Mchele wako unarudi na kondakta yule yule. Usiupike, ukae dukani ukutazame.

Watu saba wamenijia nyumbani tangu wiki iliyopita. Wa kwanza alikuja na joistiki kwenye mfuko wa rambo, akaiweka mezani kwangu, akasema, "Mzee, ile uliyoonja imetuumiza." Uliyoonja! Ndipo nikaelewa kwa nini walikujazia duka.

Miaka mitano unaishi Omurushaka na hujui jambo ambalo mbuzi wa hapa wanalijua. Basi soma. Huku kwetu, awe Mnyambo, Mhaya, au mtu ambaye babu yake alitoka Rwanda, mwenye nyumba hampi mgeni rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila kuionja kwanza mbele ya macho yake. Akionja akanyamaza, amekwisha sema: pombe hii ni njema, ikikudhuru nitafute mimi. Hakuna karatasi wala muhuri. Mdomo ndio muhuri. Na mtu akishaonja, mgeni haonji tena kwa kushuku, maana huko ni kumwita mwenzake mchawi. Ndiyo sababu yule mteja alikutazama vile.

Wewe ukaniweka dirishani siku ya gulio, jenereta inanguruma, watu mia wamebana pua kwenye kioo, nami nina joistiki mkononi. Ulidhani wanatazama nini? Wakaona mtu mzima wa Ihembe ameonja akanyamaza. Wakanunua mdomo wangu, Gharib! Umeuza mdomo wangu vipande kumi na moja!

Nadai hivi. Bandika ripoti yangu mlangoni. Ibandike leo, tena kwa gundi, isiwe kwa pini. Mwezi ujao, tarehe 23, wakwe wanakuja kumchumbia Kokubanza, binti wa marehemu kaka yangu. Baba yake hayupo, kwa hiyo kibuyu cha kwanza naonja mimi. Sitaki kusimama mbele ya wageni na mdomo ambao wewe umeugeuza kopo la takataka.

Polikarpi Rwegoshora

*

Omurushaka,
9 Julai 1997

Mzee Polikarpi,

Shikamoo, ingawa umenirudishia mchele.

Nimekusoma mara mbili. Habari ya kuonja sikuijua. Mimi sinywi, na anayenialika ananipa chai, na chai hamna aliyewahi kuionja mbele yangu. Kwa kutokujua huko nisamehe. Lakini mengine sikubali.

Sikukuomba uonje, nilikuomba upime. Kama kupima kwangu na kuonja kwenu vinafanana machoni pa watu, aliyezaliwa hapa ni nani, mimi au wewe? Nilikuandalia chumba cha nyuma. Meza ilikuwa tayari, kompyuta imewashwa, pazia limeshushwa. Nani alisema mwanga wa nyuma ni hafifu? Nani alibeba kiti kwa mkono wake mwenyewe mpaka dirishani? Mwanahalima yupo, muulize.

Na ripoti sibandiki. Umeandika kwamba nawafungulia takataka mlango. Nibandike tusi langu mwenyewe mlangoni kwangu? Ishirini na nane zimebaki stoo, na nina watoto wanne. Wanaorudi nitawabadilishia moja kwa moja, mbovu kwa mpya. Zaidi ya hapo usinibebeshe.

Gharib Ramadhani

*

Isingiro,
18 Julai 1997

Mzee Polikarpi,

Salamu kutoka kwetu. Mwanangu Theoneste anakusalimu, na anamsalimu Kokubanza kupitia kwako, kwa heshima.

Naandika mwenyewe ili maneno yasipite kwa watu. Unajua nina mgahawa wa chai hapa, na mwaka huu tuliweka kompyuta moja ya lile shirika, vijana wacheze siku za gulio. Siku uliyokaa dirishani kwa Gharib nilikuwepo. Nikanunua joistiki mbili. Ya kwanza ilikufa siku ya nne, ya pili siku ya tisa. Gharib alinibadilishia, na zile alizobadilisha zimekufa pia. Vijana wameng'oa kiti changu kimoja kwa hasira. Hayo ni ya duka, nitayamaliza dukani.

Langu kwako ni jingine. Wazee wetu walikaa Jumapili baada ya misa. Mbonimpa, mjomba wa Theoneste, alisema: "Huyu mtu ndiye atakayetuonjea siku ya uchumba?" Wakakubaliana hivi. Tarehe 23 Agosti, ukitoa kibuyu, watakipokea na kukiweka chini bila kunywa. Unajua maana yake. Tutainuka na kurudi Isingiro, na mambo ya watoto yatakuwa yamekwisha. Mimi simtaki msichana mwingine, nimempenda Kokubanza. Ndiyo maana naandika.

Sasa niseme nililoliona. Nimesukuma baiskeli ya ndizi miaka mingi. Baiskeli ikiwa na usukani uliopinda, mtu anaijua kwenye bega la mwendeshaji, siyo kwenye gurudumu, kwa sababu gurudumu linakwenda sawa. Ile ndege ilikwenda sawa. Bega lako la kulia lilikuwa limeinuka mpaka sikioni.

Kantengwa, mama Theoneste

*

Ihembe,
22 Julai 1997

Mama Theoneste,

Barua yako imenichoma, na sitajifanya haikunichoma.

Mimi? Mimi ndiye niliyeandika ripoti! Kurasa mbili, kwa mkono wangu, siku saba tu baada ya gulio, nikamwambia yule bwana asiuze hata moja. Ameificha kwenye droo. Kama kuna haki Karagwe nzima, wazee wako wangekwenda kukaa mlangoni kwa Gharib, na siyo kunijadili mimi baada ya misa. Miaka thelathini nimetengeneza redio za watu. Nani amewahi kusema Polikarpi alimrudishia redio isiyolia? Niliwaandikia wakubwa wa ushirika kahawa yetu ilipopunjwa kwenye mizani, wakati wengine wote wamefyata. Leo mtu aliyeshuka juzi kutoka Pangani anauza vijiti vya plastiki, na anayevuliwa nguo ni mimi!

Tena hii biashara yenyewe ni uonevu. Wenye viwanda wanajua kabisa kwamba kitu hakifiki wiki mbili. Wanajua pia kwamba mnunuzi wa Isingiro hana pa kukirudisha. Hapo ndipo hasira za wazee zingeelekea.

Mwambie Mbonimpa aje asome nakala ya ripoti. Ninayo.

Polikarpi Rwegoshora

*

Isingiro,
27 Julai 1997

Mzee Polikarpi,

Sikukuuliza habari za Gharib, wala za viwanda, wala za mizani ya kahawa. Nilikuambia habari ya bega.

Nikuulize waziwazi basi. Siku ile nilisimama karibu na dirisha, upande wa mlango. Nikakuuliza, "Vipi mzee, inafaa?" Ukasema, "Subiri kwanza nitue." Nikasubiri. Ukatua. Watu wakapiga makofi, mmoja akapaza sauti, "Mzee ameonja!" Ukainua mkono kuwapungia.

Uliponiambia nisubiri, ulikuwa umekwisha jua?

Kantengwa

*

Ihembe,
4 Agosti 1997

Gharib,

Sijamjibu Kantengwa wa Isingiro, na siwezi kumjibu kabla sijakuandikia wewe.

Nilijua. Dakika ya kumi na tano, au ya ishirini, sikutazama saa. Niliisikia kwenye kifundo cha mkono, inavuta kushoto. Fundi wa miaka thelathini hahitaji bisibisi kujua springi imelegea. Wakati huo ningeiweka chini na kusema, "Jamani, hii mbovu," na watu wangekwenda kununua chumvi na sabuni. Lakini walikuwa wanapiga makofi. Kila nilipopinda, walipinda na mimi. Gharib, mimi nimewaandikia watu barua maisha yangu yote, na hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi kwa barua. Nikataka kutua kwanza. Nikaikaza kwa bega, nikatua, nikapungia. Kisha nikaenda nyumbani nikachukua siku saba kuandika kitu nilichokijua tangu dakika ya ishirini, tena nikakiandika kwa ukali ili ukali ufunike kuchelewa.

Na kiti nilikibeba mimi. Mwanga wa nyuma ulikuwa mzuri.

Hayo hayakutoi wewe hatiani. Kuanzia tarehe uliyoipata ripoti, kila uliyembadilishia mbovu kwa mbovu ulimwibia mara ya pili huku ukitabasamu. Hilo ni lako, libebe.

Jumamosi hii ni gulio. Naomba kiti kile kile, dirisha lile lile, jenereta iwashwe, na joistiki mpya kutoka kwenye boksi, uchague wewe. Ukinikatalia, nitasimama barabarani mbele ya duka bila kompyuta, na unajua sauti yangu.

Polikarpi Rwegoshora

*

Omurushaka,
11 Agosti 1997

Mzee Polikarpi,

Shikamoo.

Nilikupa kiti kwa sababu Mwanahalima alisema, "Usipompa wewe, nitampa mimi." Nilidhani utasema maneno mawili, utaondoka. Hukusema utawaita watu kwa majina! Hukusema utaweka mkono nyuma ya mgongo na kuwaacha wote watazame ndege ikijiendea kushoto mpaka ikagonga mlima! Tena ukawaambia, "Juzi iliruka kwa bega langu. Bega haliuzwi na joistiki." Yule mwenye mashine ya kusaga alicheka mpaka akakohoa, na mama mmoja wa ndizi akakuuliza, "Kwa hiyo ulitudanganya, mzee?" Ukasema, "Ndiyo, mama." Hivyo tu. Mimi niliyekuwa nyuma ya kaunta nikatamani uwe umenitukana, maana baada ya hapo watu wote walinigeukia, nami nikafungua droo ya fedha.

Zote kumi na moja zimerudi na nimerudisha fedha za kila mtu. Sikufurahi, usinisifu. Umenifungia biashara. Zilizobaki zote nimezirudisha kwenye maboksi. Yule wa Kampala atazipokea au zitamngojea mlangoni kwake. Kama angenipigia mtu simu asubuhi hii akasema Polikarpi amevunjika mguu, ningesema inna lillahi kwa sauti ya chini.

Ulipoondoka uliniachia neno kwamba nimealikwa tarehe 23. Sijui unamwalikaje mtu uliyemfanyia hivi. Nitakuja kwa sababu gauni la Mwanahalima limekwisha shonwa.

Gharib Ramadhani

*

Isingiro,
16 Agosti 1997

Mzee Polikarpi,

Nimepata jibu lako, mstari ule mmoja: "Nilijua." Habari za Jumamosi zilikuwa zimefika kabla yake, na basi la jioni.

Wazee wamekaa tena. Wamegawanyika. Wengine wanasema mtu aliyekiri amekwisha safisha mdomo. Mbonimpa anasema hapana, kukiri mambo ya plastiki mbele ya watu wa gulio ni rahisi, kesho yake wanakusahau. Anasema atautazama mdomo wako siku yenyewe, mbele ya wakwe, penye hasara ya kwako mwenyewe. Sikuelewa alitaka kuona nini, na nadhani hata yeye hajui.

Hawajasema ndiyo. Wamesema watakuja. Zaidi ya hapo sikuweza.

Kantengwa

*

Bugene,
25 Agosti 1997

Polikarpi,

Sikusalimii.

Mimi ni dada yako wa pekee. Nimefunga ndizi siku sita juu ya moto mpaka zikaiva, nimetwanga mtama kwa mikono hii yenye baridi yabisi, nimesimamia wakamuaji wale wavivu, nimejaza vibuyu vitatu, nimevifunga kwa majani mabichi, nimevipandisha kwenye gari kutoka Bugene mpaka Ihembe nikiwa nimevipakata kama wajukuu. Nani aliniambia ahsante? Nilisema sitaki ahsante, niache nimwozeshe binti wa kaka yangu.

Na wewe! Umesimama umevaa koti la marehemu, wageni wamekaa mikekani, yule Mbonimpa amekutolea macho kama chui wa pori la Rumanyika. Unapewa kibuyu changu cha kwanza. Unaonja. Binadamu wa kawaida hapo anameza, anafuta mdomo, anatoa kibuyu. Wewe umekaa na funda mdomoni, umegeuka nje, umetema! Umetema pombe yangu kwenye migomba, mbele ya wakwe! Ukasema, "Hiki kina moshi. Kiwekeni kando." Kana kwamba kibuyu kimetengenezwa na jirani!

Kokubanza alijifunika kanga uso mzima. Mimi nilitafuta mlango wa nyuma nikausahau uko wapi, nyumba niliyozaliwa. Yule rafiki yako Gharib, na maji yake ya ndizi yasiyochacha mkononi, akauliza kwa sauti, "Kwani ikiwa na moshi ndiyo hainyweki?" Mkewe akamfinya.

Halafu Mbonimpa akacheka. Sikujua kama yule mtu ana meno. Akapiga paja, akasema, "Tupeni kile atakachokimeza huyu." Ukaonja cha pili, ukameza, ukampa. Akanywa bila kukitazama. Akampa jirani yake, na jirani akampa mwenzake, wakamaliza cha pili wakamaliza cha tatu, na Kantengwa akaja kunishika mikono anacheka na machozi, ananiita dada. Nilimjibu nini? Nilisema karibu. Ningesema nini tena, mtu akiwa amenivua nguo?

Binti amechumbiwa. Sawa. Kila mtu ananiambia siku ilikuwa njema. Nimewasikia. Harusi yenyewe ni mwezi wa kumi na mbili, na mtatafuta mwingine wa kuwatengenezea pombe, au muinunue dukani kwa Gharib.

Usije Bugene kunibembeleza. Usilete sukari.

Kile kibuyu ulichokikataa nilirudi nacho mwenyewe, sikutaka kibaki huko kuchekwa. Leo asubuhi nimekifungua nikaonja.

Kina moshi. Kidogo.

Auleria